Usiku wa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nganda, muziki, mpira na njia ya kurudi nyumbani

Ukurasa huu ni wa mtu anayefika Lubumbashi kwa siku chache, awe ametoka Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa au Bukavu, na pia wa mkazi aliyezoea nganda (mahali pa kunywa na kula) moja tu ya karibu na kwake. Hatukupanga orodha ya nganda kwa majina. Mwenye nganda hubadilika, mchomaji nyama huhamia kwa jirani, na nganda iliyosifiwa na kila mtu mwaka jana leo ina viti vitupu. Mtaa haugeuki haraka namna hiyo. Kwa hiyo tunakuelekeza kwa mtaa, kwa saa na kwa aina ya burudani, na majina tunayoyataja ni ya sehemu ambazo mkazi yeyote wa mji atakuonyesha.

Nina usiku mmoja tu. Niende wapi?

Kamalondo. Ijumaa au Jumamosi, na ufike saa kumi na mbili jioni.

Kamalondo ndiyo komini (wilaya ya mji) ya zamani ya wakazi Waafrika wa mji huu. Wakati wa ukoloni iliitwa Albert. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na Kamalondo ilikuwa karibu sana na katikati ya mji, upande wa kusini. Watu waliofanya kazi ya migodi na ya reli walikaa hapo, na walikuja na lugha zao, ngoma zao na magitaa yao. Hata sasa ni komini ndogo unayoweza kuizunguka kwa miguu: unaanza kwenye terasi moja, unasikia gitaa upande wa pili wa barabara, unavuka. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mgeni, kwani huhitaji gari kati ya sehemu moja na nyingine.

Saa ya kufika tunaisisitiza kwa sababu wageni wengi hukosea hapo. Jua la Lubumbashi huzama kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa moja kasorobo jioni, mwaka mzima. Watu wanatoka kazini, wanakaa, wanaagiza nyama, wanazungumza. Anayefika saa nne usiku anakuta viti vyema vimekaliwa, nyama nzuri imekwisha, na wenye kujua kuzungumza wameanza kuaga.

Nganda, terasi na bwati vinatofautiana namna gani?

Nganda ni mahali pa kunywa na kula penye mwenyewe unayemjua. Mara nyingi ni parsele (kiwanja) ya nyumba: viti vya plastiki uani, frigo ndani, mbabula (jiko la makaa) nje. Muziki upo, lakini mazungumzo ndiyo yenye nguvu.

Terasi iko wazi kando ya barabara, ina meza nyingi, spika kubwa, na televisheni ya mpira. Hapo unatazama watu, na watu wanakutazama, kwa hiyo utaona mashati yaliyopigwa pasi vizuri.

Bwati ni klabu ya usiku iliyofungwa, yenye DJ, taa na walinzi mlangoni. Ziko zaidi katikati ya mji, mtaa wa Golf na upande wa Bel-Air katika komini ya Kampemba. Mlangoni unaweza kulipa kiingilio, au usilipe kiingilio lakini ukalazimishwa kuagiza kinywaji cha bei ya juu. Uliza mlangoni, kabla ya kukaa: «Kuingia ni bei gani, na kinywaji cha bei ya chini ni bei gani?» Maswali hayo mawili yanaokoa ugomvi wa saa nane za usiku.

Je, komini nyingine?

Komini ya Kenya (wageni hucheka wakisikia jina, lakini ni komini yetu, si nchi) ina kelele zaidi, bei ya chini zaidi na watu wengi zaidi. Katuba ni ya wenyeji: nenda na mtu wa Katuba. Ruashi iko mbali, na usiku kurudi kutoka huko ni kazi. Katikati ya mji na Golf ni kwa mwenye mkutano wa kazi, mwenye mgeni wa heshima, au mtu anayetaka kiti laini na karatasi ya hesabu iliyochapwa. Hoteli ya Grand Karavia, kando ya ziwa na uwanja wa gofu, inafaa kwa kinywaji cha jua likizama ukitazama maji. Usiende huko ukitafuta ngoma ya mtaa.

Tangazo linasema «20h». Ni saa ngapi hasa?

20h ni saa mbili usiku. Matangazo ya kuchapwa hufuata hesabu ya Kifaransa. Lakini kuna mtego mwingine: Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Tamasha au mechi iliyotangazwa na televisheni ya Kinshasa kuwa 20h, kwetu ni 21h, yaani saa tatu usiku. Kila wiki kuna mtu anafika mapema saa nzima, au anakubaliana na rafiki wa Kinshasa kwa simu na kila mmoja anangoja kwa saa yake.

Tena, saa ya tangazo la bendi ni saa ya kufungua mlango. Mafundi wanajaribu mikrofoni, vijana wa bendi wanapiga nyimbo za kupasha moto, na mwimbaji mkubwa anapanda baadaye sana. Tamasha la Halle de l'Étoile ni jambo lingine: huko saa ni saa.

Nataka bendi inayopiga yenyewe, si DJ. Nitaijuaje?

Pita mchana. Bendi inayopiga usiku inaleta vyombo jua likiwa bado juu: ukiona ngoma za betri (seti ya ngoma za bendi) zinashushwa kwenye kigari na nyaya zinatandazwa, umepata. Uliza pia kama wanapiga wenyewe au wanaimba juu ya muziki uliorekodiwa. Wenye nganda hujibu bila kuficha.

Ukishapata, chagua meza. Usikae mbele ya spika hata kama ndiyo meza pekee iliyo karibu na waimbaji: hutasikia maneno, utasikia besi tu, na kesho masikio yatalia. Kaa upande, hatua kumi au kumi na mbili kutoka jukwaani, mahali unapoona mikono ya mpiga gitaa la solo. Rumba inaanza taratibu kwa uimbaji, halafu inafunguka kwenye seben, ambako gitaa hurudia vipande vifupi na watu wanainuka. Mgeni asiyejua huinuka mapema, akachoka kabla ya sehemu tamu. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, lakini Katanga, eneo letu hili, ina gitaa lake pia, na tunaomba ulisikilize kwa masikio tofauti. Ni gitaa kavu, la vidole viwili, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikiimba. Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya, ndiye aliyelifikisha mbali: mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki wakajifunza kwake. Ukiwa kwenye nganda yenye mzee mwenye gitaa la mbao, mwombe apige kwa vidole. Mara nyingi hakuna anayemwomba siku hizi.

Karindula ni nini, na nitaiona wapi?

Ni muziki wa gitaa kubwa la pipa, na ni kitu ambacho hutakiona Kinshasa. Chombo chenyewe hutengenezwa hivi: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi iliyotandwa mdomoni mwake, shingo ndefu ya mbao, na nyuzi nne. Juu yake huwekwa mfuko mtupu wa maziwa ya unga. Mfuko huo si uchafu, usimwambie mpigaji auondoe! Nyuzi zikitetema, mfuko nao unanguruma, na mngurumo huo ndio unaojaza uwanja bila umeme wala spika. Kando ya pipa kuna banjo ndogo zinazojibu, na ngoma. Wachezaji ni vijana wenye miili ya mpira: wanapinduka, wanapanda juu ya pipa lenyewe, na mpigaji haachi kupiga.

Ngozi huchoka. Wakati wa mvua inalegea na sauti inashuka. Ndiyo maana utaona vijana wameinamisha pipa karibu na moto wa makala (makaa) kabla ya kuanza. Wakiharakisha, ngozi inapasuka na shughuli imekwisha. Wakichukua robo saa, usikasirike: wanasawazisha.

Karindula haina ukumbi maalumu. Inapigwa kwenye sherehe za mitaa, ndoa, uwanjani, na pia kwenye kilio. Hapo pana jambo la adabu: ukisikia karindula nyuma ya ukuta, kwanza uliza mlangoni kama ni sherehe au ni kilio. Kama ni kilio, unaingia kwa upole, unatoa pole kwa wenye msiba, unaweka mchango mdogo, halafu unakaa. Kuingia ukicheka na simu juu ni tusi. Jumapili alasiri katika Katuba na Kenya ndipo nafasi ni nzuri zaidi. Muulize kijana yeyote mwenye kuuza kadi za simu, atajua.

Mwimbaji ametaja jina langu akaja mezani kwangu. Nifanye nini?

Hiyo ni libanga. Ametaja jina lako ili umtunze. Si lazima, lakini ukimwambia jirani jina lako na kazi yako kwa sauti, ujue litafika kwenye mikrofoni. Andaa noti ndogo za franka mapema. Unasimama, unamgusisha noti kwenye paji la uso au unaiweka mkononi mwake, unacheza hatua mbili, unarudi kukaa. Usitupe pesa chini. Kama huna, inua mkono kifuani na utabasamu. Ataelewa na atakwenda meza nyingine.

Nikienda kutazama mpira, ni uwanja gani?

Uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo, ulifunguliwa mwaka 2011, una nyasi bandia na nafasi ya watu kama elfu kumi na nane. Ule wa Kibassa Maliba uko komini ya Kenya, na ni mkubwa zaidi na wa zamani zaidi. Mazembe, waliovaa nyeusi na nyeupe, wanaitwa Kunguru. Walichukua ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya klabu. Lupopo, watu wa reli, ni manjano na bluu. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka 1939, na siku zinapokutana mji unagawanyika mpaka ndani ya nyumba.

Mambo ya vitendo: usivae rangi za timu yoyote kama hujui utakaa upande gani. Nunua tiketi kwenye dirisha au kwa wauzaji wa klabu, si kwa mtu anayekufuata barabarani. Acha mkoba nyumbani. Tafuta kundi la mashabiki wa Mazembe wanaojiita 100%: wana ngoma, tarumbeta na nyimbo ambazo haziishi dakika zote 90, na kwa wengi wetu wao ni nusu ya sababu ya kwenda. Mechi ikiisha, usikimbilie taksi. Kila mtu anazitaka kwa wakati uleule. Kaa Kamalondo kwa muda wa saa moja na nusu, kula, halafu ondoka. Timu ya nyumbani ikishinda, usiku huo hauhitaji kutafuta burudani popote, imeshakufuata barabarani.

Kuna burudani isiyo ya pombe wala kelele?

Ipo, na watu hawaitumii vya kutosha. Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, kina matamasha, filamu na michezo ya kuigiza. Ratiba hubandikwa mlangoni. Picha na Waza ni vituo vya wasanii wa mji: maonyesho, picha, mazungumzo. Picha ndio waliozindua mwaka 2008 mkutano mkubwa wa sanaa uliokuja kuitwa Biennale ya Lubumbashi. Mpiga picha Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi. Ukiwa mjini wakati wa Biennale, badilisha mipango yako yote.

Kwa vichekesho, tafuta kundi la Mufwankolo au vijana waliojifunza kwao. Wanaigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile cha nyumbani, na hapo mgeni wa Kiswahili cha Dar es Salaam au Mombasa atacheka dakika tatu baada ya wengine. Usione haya, jirani atakueleza.

Nitakula nini usiku, na kwa nini nyama inachelewa?

Michopo: mbuzi wa kuchoma juu ya makala, kitunguu kibichi, pilipili, na bukari (ugali) au chikwange (mkate wa muhogo) pembeni. Inachelewa kwa sababu mbuzi mzuri haharakishwi. Hesabu dakika 40 mpaka saa nzima tangu kuagiza. Kwa hiyo agiza nyama kabla ya kinywaji cha kwanza. Watu wengi hufanya kinyume, wakajikuta wana chupa mbili tumboni bila chakula.

Hatua ni hizi. Nenda mwenyewe kwa mchomaji. Chagua kipande: mbavu zina mafuta na zinaiva haraka, paja lina nyama nyingi lakini linakauka moto ukiwa mkali. Nyama ipimwe mbele yako ikiwa mbichi, na bei ikubaliwe hapo. Kumbuka kwamba motoni inapoteza karibu theluthi ya uzito wake. Kilo moja mbichi inarudi mezani kama gramu 650 au 700, pamoja na mifupa. Watu wawili wenye njaa wanahitaji kilo moja mbichi. Nusu kilo ni ya kusindikiza kinywaji tu. Mwambie akatekate baada ya kuchoma, si kabla, ili maji ya nyama yabaki ndani. Simama dakika mbili kuona kipande chako kimewekwa sehemu gani ya mbabula, kwa sababu wateja kumi wenye nyama inayofanana ndio chanzo cha malalamiko mengi. Wengine hufunga uzi au hutia kisu alama, ni busara.

Makala yanapaswa kuwa mekundu yenye majivu meupe juu. Yakitoa moto wa manjano, mafuta yanaungua na nyama itakuwa nyeusi nje, mbichi ndani. Mchomaji mzuri husogeza makala pembeni, hasogezi nyama peke yake.

Msimu ukifika, jaribu vinkubala, wale viwavi wa msituni, waliokaangwa na kitunguu mpaka wanalia wakitafunwa. Chikanda pia huuzwa kwa vipande na akina mama jioni: hutengenezwa kwa mizizi ya okidi na unga wa karanga, na kinashibisha kuliko kinavyoonekana.

Kwenye hesabu ya pombe, watu hugombana kwa nini?

Kwa sababu ya chupa tupu. Simba na Tembo, za kiwanda cha hapahapa Lubumbashi, huja katika chupa kubwa ya karibu robo tatu ya lita na katika chupa ndogo. Desturi nzuri ni chupa tupu zibaki mezani au chini ya meza mpaka mwisho. Zinahesabiwa na wote wakiziona. Mhudumu akiziondoa kila mara, zuia kwa upole: «Mama, uziache, tutahesabu pamoja.» Kila chupa ifunguliwe mbele yako, na kizibo kibaki mezani. Chupa inayoletwa ikiwa wazi, irudishe.

Mgeni akijiunga na meza, hesabu yake iandikwe tangu mwanzo kama ni ya kwake au ya meza. Nusu ya ugomvi wa malipo tunaoujua huanzia kwa mtu wa saba aliyekaa «dakika tano».

Ukitaka kuondoka na bia, utaacha chupa tupu nyingine au utalipia chupa yenyewe. Hilo si wizi, chupa ni mali ya kiwanda na mwenye nganda atadaiwa.

Sinywi pombe. Nitaonekana mbaya?

Hapana. Agiza sukre (soda), maji yaliyofungwa, au uliza munkoyo. Munkoyo ni uji mwepesi wa mahindi uliopoa na kuwa vuguvugu, ukatiwa mizizi ya mmea wenye jina hilohilo, iliyopondwa. Mizizi ndiyo inayovunja wanga na kuufanya mtamu bila sukari. Siku ya kwanza ni kinywaji cha watoto. Siku ya pili unaanza kuchachuka. Siku ya tatu una kileo, na asiyejua hulewa akidhani anakunywa uji. Uliza swali moja tu: «Ulipikwa lini?»

Na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji?

Usinywe. Inatoneshwa majumbani, hakuna kipimo cha nguvu yake, na mtambo mbaya unaacha ndani sumu inayoharibu macho. Hatuna jibu la katikati kwa swali hili.

Nibebe dola au franka?

Vyote viwili. Franka kwa taksi, nyama, libanga na mhudumu. Dola kwa hoteli na bwati. Dola iliyochanika hata kidogo kwenye ukingo, iliyoandikwa kwa kalamu au iliyochakaa, itakataliwa, na noti ya dola moja mara nyingi haipokelewi kabisa. Kabla ya kuagiza, uliza kiwango cha ubadilishaji wanachotumia hapo, maana kinachobandikwa ukutani na kinachotumika saa sita usiku huweza kutofautiana. Lipa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kama inawezekana, lakini mtandao ukilala Jumamosi usiku, unahitaji makuta mfukoni.

Kupanga bajeti, usitafute bei kwenye ukurasa wa zamani, kwa sababu franka hupanda na kushuka. Uliza bei ya chupa moja kubwa. Zidisha kwa idadi utakayokunywa kweli, ongeza bei ya kilo ya nyama, ongeza safari mbili za taksi, halafu tenga pesa ya kurudi katika mfuko mwingine usioguswa.

Nivae nini?

Juni na Julai, koti. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa kiangazi baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Mgeni wa Kinshasa huja na shati jepesi, akaishia amekumbatia mbabula. Kuanzia Novemba mpaka Machi ni mvua: vaa viatu vinavyoweza kulowa, na chagua terasi yenye bati, kwani turubai hujaa maji katikati na kumwagika mezani. Bwati nyingi hukataa kandambili na kaptula kwa wanaume.

Umeme ukikatika?

Jenereta itawashwa baada ya dakika chache. Ikiwa haiwaki, frigo inapoteza baridi haraka kwa kufunguliwa-funguliwa, lipa, hama. Usikae karibu na jenereta iliyowekwa ndani ya ukuta uliofungwa: moshi wake haunuki sana kila mara lakini unaua.

Mwanamke anaweza kwenda bila mwanaume?

Anaweza, na wengi huenda wawili au watatu. Kaa terasi yenye familia na akina mama, si kona ya giza. Msalimie mwenye mahali ukifika, umwite mama au yaya (dada mkubwa); ukishamsalimia, wewe ni mgeni wake na atawaondoa wasumbufu mwenyewe. Kinywaji ulichokiacha ukienda chooni, usikirudie: agiza kingine. Kinywaji kilichotumwa na meza nyingine kinaweza kurudishwa kwa «asante, papa, nimetosheka», na hakuna deni lolote.

Na watoto?

Mchana tu. Bustani ya wanyama, jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1946, au ziwa la Kipopo nje ya mji kwa samaki. Aliye chini ya miaka 18 hana kazi kwenye bwati.

Naweza kupiga picha?

Marafiki zako, ndiyo. Wanamuziki, uliza kwanza. Polisi, askari na majengo ya serikali, hapana; hiyo inahusu pia jengo la 30 Juin, ingawa lilijengwa kama ukumbi wa michezo ya kuigiza mwaka 1956 na uzuri wake unavuta macho ya kila mpenda usanifu.

Nitarudije nyumbani?

Hili liamuliwe kabla ya kutoka, na ndiyo sababu tumerudia kusema ufike mapema. Basi ndogo hupungua sana baada ya saa mbili usiku. Taksi ya kuchangia inabaki kwenye barabara kubwa tu. Baada ya saa nne unahitaji ekspresi, yaani gari la kukodi peke yenu.

Tafuta dereva mchana, kupitia hoteli yako au mwenyeji wako. Chukua namba yake na uandike namba ya gari. Kubalianeni bei ya kwenda, ya kurudi na ya kungoja, kila moja peke yake, kwa sababu «tutaelewana» ya saa kumi na mbili jioni ina bei nyingine saa saba usiku. Mpigie nusu saa kabla ya kuondoka. Ngojea ndani, karibu na mwenye nganda, mpaka gari lisimame mlangoni. Gari likiwa na mtu wa pili usiyemjua, usipande, hata kama dereva anasema ni ndugu yake.

Moto wa taksi, yaani pikipiki, ni wa mchana. Usiku barabara za mitaani hazina taa, mashimo hayaonekani, na masharti ya mamlaka kuhusu saa za moto hubadilika. Uliza siku hiyohiyo. Kutembea kwa miguu usiku ni ndani ya Kamalondo tu, kwenye barabara yenye watu, na si kuvuka kwenda katikati ya mji.

Kizuizi cha polisi kikiwasimamisha, taa ya ndani ya gari iwashwe, dereva azungumze kwanza, nawe uonyeshe kadi ya mpiga kura au pasipoti. Beba nakala, na ya asili uiache hotelini. Salamu ije kabla ya jibu: «Habari ya kazi, chef.» Dereva aliyezoea njia hiyo atajua kuzungumza nao, na hiyo ni sababu nyingine ya kumtafuta mchana.